Turubai la juu ya chumba-droo cha gari-nyumba: namna ya kulikarabati mwenyewe ukiwa Dodoma

Mara ya kwanza kupanda juu ya kitu hiki nilikuwa Nzuguni, siku chache kabla ya Nane Nane. Lilikuwa trela la maonyesho, ubavu wake mmoja unatoka nje kama mtoto wa meza ili ndani papatikane nafasi. Juu ya huo mtoto wa meza kuna turubai dogo linalojikunjua chumba kikitoka na kujiviringisha chumba kikirudi. Lilikuwa limeachia mshono na linapigapiga kwenye upepo. Mwenye trela akaniambia, "Fundi, wewe si unashona maturubai ya malori? Hiki kitambaa cha mita tatu kitakushinda?"

Kitambaa hakikunishinda. Kilichonishinda ni springi. Nililegeza skrubu mbili za kifuniko cha ubavuni bila kushika chochote, kifuniko kikazunguka kama feni, bisibisi ikarukia kwa jirani na kifundo changu cha mkono kikavimba wiki nzima. Baya zaidi, springi ilikuwa imeshajifungua yote na sikujua ilikuwa imekazwa mizunguko mingapi. Kushona kulichukua asubuhi moja. Kutafuta idadi ya mizunguko kulichukua siku mbili.

Tangu hapo nimeshika mengine machache, mengi ya magari-nyumba ya wasafiri wanaoshuka kutoka Arusha kwa barabara ya Babati na Kondoa, wakilala Dodoma kabla ya kuelekea Mtera na Iringa. Mwongozo huu ni wa turubai la juu ya chumba-droo. Kile kivuli kikubwa cha ubavuni chenye mikono mirefu ni ndugu yake, lakini springi zake ni kali zaidi na mikono yenyewe inaweza kukupiga. Usichukue maelezo haya ukayahamishia huko kama yalivyo.

Unachokiangalia ukiwa juu ya ngazi

Kwenye ubavu wa gari, juu kidogo ya uwazi wa chumba-droo, kuna reli ya alumini yenye mfereji. Ukingo mmoja wa kitambaa una pindo lenye kamba au fimbo nyembamba ya plastiki ndani yake, na pindo hilo limepitishwa kwenye mfereji huo. Ukingo wa pili umeingia kwenye mfereji wa rola, yaani bomba la alumini lililolala juu ya ukingo wa nje wa chumba-droo, likishikwa na mabano mawili. Ndani ya rola, upande mmoja au pande zote mbili, kuna springi ndefu ya kujisokota.

Turubai halina mota yake. Chumba kikisukumwa nje kinaondoka na rola, kitambaa kinafunguka, springi inajikaza. Chumba kikirudi, springi inakivuta kitambaa na kukiviringisha. Ndiyo maana springi haipumziki kamwe: hata chumba kikiwa kimefungwa kabisa imebaki na mkazo wa kutosha kukishika kitambaa kisipeperuke gari likiwa kasi. Mtu akikuambia "funga chumba, springi italegea yenyewe," usimsikilize.

Usikimbilie kununua kitambaa kipya

Dodoma iko kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, na kila ukipanda mita 1,000 ukali wa ile miale ya jua inayochoma ngozi unaongezeka kwa takriban asilimia 10. Ongeza na miezi ya kiangazi isiyo na wingu. Kinachokufa kwanza hapa ni uzi, hasa ukiwa wa pamba au nailoni. Nimeona vitambaa vizima kabisa vikitupwa kwa sababu mshono umeachia, na mshono ni kazi ya saa mbili.

Kwa hiyo toa chumba nje, panda ngazi, chukua ukucha ukwaruze uzi wa pindo. Ukikatika au kugeuka unga, shida ni uzi. Kisha kunja kona ya kitambaa chenyewe na uibinye. Kama kinatoa mipasuko midogo kama udongo mkavu wa bwawa, au rangi ya juu inabanduka na kubaki wavu wa nyuzi, hicho kimeisha na kiraka hakitashika.

Matundu yana lugha yake. Tundu moja moja bila mpangilio ni cheche au kitu kilichoanguka. Matundu yaliyojipanga kwa mstari, kila baada ya sentimita 16 hivi, ni mwiba. Watu wanaegesha chini ya mgunga kutafuta kivuli, mwiba unaangukia juu, chumba kinafungwa, rola inaviringisha mwiba ndani na kutoboa kila tabaka. Hiyo sentimita 16 ni mzingo wa rola ya kipenyo cha sentimita 5. Ukiona alama hiyo, tafuta mwiba kwanza, maana mara nyingi bado umo.

Kitambaa kikiwa kizima ila kinaning'inia na kudaka maji katikati, hapo mkazo wa springi umepungua au kitambaa kimevutika. Usidharau hayo maji. Ndoo moja ya lita 20 ni kilo 20, na mvua ya Januari hapa haiji kwa ndoo moja.

Kiraka bila kufungua chochote

Kwa tundu dogo au mpasuko wa chini ya urefu wa kiganja, hakuna haja ya kugusa springi. Kwenye kitambaa cha plastiki, kata kiraka cha aina ileile, kikubwa kuliko tundu kwa sentimita 4 kila upande, na uviringe kona zake. Kona kali ndiyo inayoanza kubanduka rola inapozunguka. Safisha kwa maji ya sabuni, acha pakauke, kisha futa kwa spiriti. Vumbi letu jekundu ni laini kama unga wa ngano na gundi haishiki juu yake, kwa hiyo futa mpaka kitambaa cheupe cha kufutia kisibebe rangi.

Gundi iwe ya PVC, ile wanayotumia mafundi wa maturubai ya malori. Paka nyembamba pande zote mbili, subiri ifikie kunata bila kuchafua kidole, gandisha ukianzia katikati kwenda nje, weka ubao na tofali juu yake. Iache mpaka kesho yake. Fanya asubuhi mapema au jioni, kwa sababu saa saba mchana gundi inakauka kabla hujaweka kiraka.

Kitambaa cha akriliki, kile kinachofanana na nguo nzito, hakipendi gundi. Kishonee kiraka kwa mkono, kisha pitisha nta au kizibaji juu ya matundu ya sindano.

Kushusha rola

Zana ni hizi: ngazi mbili imara, bisibisi, dreli, praya mbili za kujifunga zenyewe, tupa, futi kamba, kalamu ya wino usiofutika na chuma chembamba kama msumari wa inchi nne. Na mtu wa pili. Kazi hii haifanywi na mtu mmoja, hata kama wewe ni mzoefu, kwa sababu rola ya mita tatu au nne ikishikwa katikati inapinda. Huyo saidia fundi wako aelezwe kabla hamjapanda kwamba neno "shika" maana yake ni shika, si kushika huku unajibu simu.

Kabla ya yote chora. Chora mshale kwenye rola kuonyesha inakozunguka, andika "K" na "S" kwenye vifuniko vya kulia na kushoto ukiwa umesimama nje unatazama gari, na upige picha kila upande. Angalia pia kitambaa kinatokea juu ya rola au chini yake. Ukirudisha kinyume, utakuja kugundua ukiwa umeshamaliza.

Toa chumba nje kiasi cha sentimita 30 tu, si chote, kwa sababu kadiri kinavyotoka ndivyo springi inavyokazwa. Sasa tafuta tundu dogo kwenye bano la upande wenye springi. Mabano mengi yanalo, na linapokutana na tundu la kifuniko unaweza kupitisha msumari ili rola isizunguke. Kama halipo, bana rola kwa praya ya kujifunga, mkono wake ukiegemea bano, na funga kwa kamba.

Rola ikishafungwa, rudisha chumba ndani sentimita 15. Kwa kuwa rola haiwezi kuzunguka, kitambaa kitalegea kati ya rola na reli, na huo ulegevu ndio utakaokuwezesha kukichomoa. Halafu zima umeme wa chumba kabisa, toa na ufunguo, uutie mfukoni mwako. Mtu akibonyeza kitufe cha kutoa chumba huku msumari umo, atapasua kitambaa au kupinda mabano, na wewe uko juu ya ngazi katikati yake.

Toa skrubu ndogo za kuzuia zilizo kwenye ncha za reli. Kisha legeza rola kwenye mabano, upande usio na springi kwanza, na mwenye kushika upande wenye springi asiachie praya. Inueni wote wawili, tembezeni kitambaa kwenye reli kwa ubavu mpaka kitoke, mkitembea sambamba kama watu waliobeba ngazi. Ilazeni rola chini juu ya mkeka safi au kwenye benchi.

Springi

Bana rola isizunguke. Kwenye benchi la fundi chuma kuna jiliwa. Tia kitambaa katikati ili alumini isibonyee. Bana ekseli ya springi kwa praya ya pili, ukishike kishikio chake kwa mkono wote, na uso wako usiwe mkabala na ncha ya rola. Chomoa msumari. Utasikia mkono unavutwa. Sasa uachie nusu mzunguko, badilisha mkono, nusu tena, huku mwenzako anahesabu kwa sauti na kuandika. Usihesabu wewe. Mtu anayepambana na springi anahesabu vibaya.

Hiyo namba ndiyo mali ya siku ile. Andika na upande: "8, kulia" kwa mfano.

Ukishaipoteza, kama nilivyoipoteza mimi, kuna njia ya kuirudia. Pima mzingo wa rola na safari ya chumba. Rola yenye mzingo wa sentimita 16 na chumba kinachotoka sentimita 80 inazunguka mara 5. Maana yake ukikaza mizunguko 8 ukiwa umefunga chumba, springi itafika 13 chumba kikitoka chote. Kwa hiyo anza kidogo, mizunguko 5 au 6, funga, jaribu kwa mkono kama kitambaa kinavutika hadi mwisho bila kubaki mkunjo. Kama bado kinalegea ongeza mmoja mmoja. Na kabla ya kurudisha juu, hakikisha springi bado ina nafasi ya kuzunguka ile mizunguko 5 ya safari na mmoja zaidi bila kugota. Springi inayogota chumba kikiwa nje ndiyo inayong'oa mabano. Siku zangu mbili za Nzuguni ziliishia hapo: nilikuwa nakaza sana nikidhani kukaza ni usalama.

Springi yenyewe ikiwa imekatika au ina kutu ya kumeguka, usiiunge kwa kuchomelea. Tafuta nyingine ya unene, urefu na mwelekeo uleule wa msokoto. Ya kulia haifanyi kazi kushoto.

Kitambaa: kupima, kununua, kushona

Pima kitambaa cha zamani, usipime rola. Upana wake ni mfupi kuliko rola ili ncha zisisugue vifuniko. Urefu wa kutoka, kama cha zamani kimepotea, unaukokotoa hivi: safari ya chumba sentimita 80, nafasi iliyobaki kati ya reli na rola chumba kikiwa kimefungwa tuseme 12, mizunguko miwili ya kubaki kwenye rola chumba kikiwa nje 32, na mapindo mawili ya 5 kila moja. Jumla sentimita 134. Ile mizunguko miwili usiibanie. Ndiyo inayoshikilia kitambaa kwa msuguano ili uzito wote usiangukie uzi wa pindo.

Majora mengi ya kitambaa kizito yana upana wa mita 1.5, kwa hiyo 134 inaingia bila kuunga. Lilaze jora ili urefu wake uende sambamba na rola, utapata kipande kimoja kisicho na mshono katikati. Kama ni lazima uunge, mshono uelekee kutoka reli kwenda rola, ufuate njia ya maji. Mshono uliolala sambamba na rola unabeba mvuto wote na kudaka maji.

Kuhusu aina: kitambaa cha plastiki chenye wavu wa poliesta ndani, uzito kati ya gramu 450 na 550 kwa mita ya mraba, kinatosha. Turubai zito la lori linavutia kwa sababu ni gumu, lakini likijiviringisha linakuwa nene, chumba kinashindwa kufunga vizuri. Na mabango ya kampeni, ambayo baada ya uchaguzi yanapatikana mpaka kwenye mabanda ya kuku, yaache huko huko kwenye mabanda. Hayakutengenezwa kukunjwa kila siku juani. Msimu mmoja yanapasuka.

Uzi ndio ambao sikubali kupunguziwa. Uwe wa poliesta nene, uliotengenezwa kwa kazi za nje. Ukiukosa kwenye maduka ya Majengo, agiza Kariakoo uje kwa basi. Uzi ni mwepesi, nauli yake haikuumizi. Sindano namba 18, hatua ya mshono milimita 4 hadi 5. Mshono wa karibu karibu unageuza kitambaa kuwa stempu, unachanika kwa kufuata matundu. Cherehani ya Butterfly ya kawaida itapita tabaka tatu kama utazungusha gurudumu kwa mkono kwenye kona na kuomba mtu ashikilie uzito wa kitambaa nyuma. Piga mistari miwili kwa kila pindo.

Ndani ya pindo kunaingia ile fimbo. Chomoa ya zamani, pima unene wake, na kama ni nzima itumie tena. Ikiwa imemeguka, waya wa plastiki wa mashine ya kukatia nyasi wa milimita 3 au zaidi unafanya kazi nzuri kwenye mifereji mingi, na ni rahisi kuupata. Jaribu kipande kifupi kwenye mfereji kabla hujashona: kipite kwa kutelezesha, kisichomoke kikivutwa juu.

Kurudisha

Reli iliyokaa wazi imejaa vumbi lililogandamana. Lipige brashi ya meno iliyozeeka, kisha upepo wa pampu. Pitisha tupa kwenye mdomo wa reli unapoingilia, maana ncha ya alumini iliyokatwa ni kali na itakula kitambaa kipya kabla hakijafika katikati. Paka pindo sabuni ya mche kavu au mshumaa. Usipake grisi wala oili. Wiki mbili za upepo wa Dodoma, grisi imekuwa msasa.

Ingiza kitambaa kwenye rola kwanza, kiweke katikati, viringisha kwa kufuata mshale wako. Kaza springi kwa namba yako, mwenzako akihesabu, na upitishe msumari. Pandisheni, ingizeni pindo kwenye reli, kaeni sawa na mabano, fungeni skrubu zote. Bano lililotolewa lisirudishwe bila kuziba matundu yake kwa utepe wa butili, ule wa mpira laini unaonata. Maji yanayoingia ubavuni mwa gari-nyumba huyaoni mpaka mbao zimeoza. Usitumie silikoni hapo kama unaweza kuepuka, kwa sababu fundi atakayekuja kuifungua atakulaani.

Sasa ondoa ulegevu. Washa umeme, mtu mmoja kwenye kitufe, wewe juu. Toa chumba taratibu mpaka kitambaa kikaze na msumari uwe mlegevu kwenye tundu, simamisha, uchomoe kwa praya. Asiyeuchomoa atakumbuka kwa sauti ya kitambaa. Kisha toa chumba chote, rudisha, mara tatu, ukitazama ncha za rola.

Kitambaa kikijiviringisha upande mmoja umekaza na mwingine umelegea, pima kwanza kama mabano yako sawa. Yakiwa sawa, weka ukanda mwembamba wa kitambaa kwenye rola upande unaolegea. Rola inakuwa nene kidogo pale na inameza kitambaa zaidi. Milimita moja inatosha kubadilisha mambo.

Kikienda katikati, rudisha zile skrubu ndogo za ncha za reli zikipita kwenye pindo. Watu wengi wanazisahau, na mwezi mmoja baadaye wanashangaa kitambaa kimetembea sentimita kumi upande mmoja.

Mwisho mwagia ndoo ya maji juu yake chumba kikiwa nje. Yatiririke kwenda kando. Yakikaa, ongeza mzunguko mmoja wa springi, si mitatu. Subiri kikauke ndipo ufunge, kwa sababu kitambaa kilichoviringishwa na maji kinaota ukungu hata katika nchi kavu kama hii. Na kila kabla ya kufunga, pitisha ufagio wa mpini mrefu juu: miiba, majani, na kile kilicholetwa na kisulisuli cha mchana.

Kabla hujashuka ngazi, chukua ile kalamu na uandike ndani ya kifuniko cha upande wa springi, mahali pasipopigwa jua, tarehe na idadi ya mizunguko. Kwenye lile trela la Nzuguni nimeandika 7.